Pikipiki haiwaki: jinsi ya kujua mafuta yamekwama wapi

Katika maswali ya ufundi yanayotufikia kwenye kipindi cha asubuhi, hili ndilo linaloongoza: pikipiki imegoma kuwaka, tatizo ni nini? Wengi wanaouliza ni madereva wa bodaboda walio kwenye mkataba. Hesabu ya bosi inadaiwa jioni, pikipiki iwe imetembea au imelala. Wapo pia mabwana shamba, walimu wa shule za pembezoni na wauguzi wa zahanati wanaotegemea pikipiki hizohizo kufika kazini. Hewani huwa tuna dakika tatu au nne za kujibu, na jibu la dakika nne halimfai mtu aliyesimama porini na kiki imeshamchosha mguu. Kwa hiyo tumeliandika hapa kwa kirefu.

Tulipozungumza na mafundi wa pikipiki wa mkoani kwetu, jambo moja walilirudia wote: kinachomaliza fedha za mteja mara nyingi si ubovu wenyewe, ni kununua kifaa kabla ya kujua ubovu uko wapi. Kabureta ndiyo inayoonewa zaidi. Inafunguliwa, inaoshwa, inabadilishwa, na pikipiki bado haiwaki, kwa sababu mafuta hayakuwa yanaifikia tangu mwanzo. Petroli ina njia moja tu ya kupita kutoka kwenye tangi hadi ndani ya injini. Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua utafika mahali ambapo mafuta yanaishia, na hapo ndipo pa kuweka spana.

Maelezo haya ni ya pikipiki zenye kabureta, ambazo ndizo nyingi kwenye vijiwe vyetu: Boxer, TVS, Honda za zamani na zile za Kichina za cc 125 na 150. Zipo pikipiki mpya zisizo na kabureta, ambazo mafuta husukumwa na pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi. Hizo ukiwasha swichi utasikia pampu ikivuma kwa sekunde mbili hivi, kisha inanyamaza. Kama huisikii kabisa, anza na betri na fyuzi, na taa ya injini kwenye dashibodi ikibaki inawaka mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Kabla hujashika spana

Anza na vitu vinavyoaibisha. Je, tangi lina mafuta? Usiiamini geji, fungua mfuniko, tikisa pikipiki, usikilize. Kama pikipiki yako ina swichi nyekundu ya kuzimia upande wa mkono wa kulia, iko mahali pa kuwaka? Mtoto aliyecheza na usukani, au abiria aliyeshikilia wakati wa kushuka, anaweza kuigusa bila wewe kujua. Koki ya mafuta iko wazi? Gia iko niutro? Mafundi wanacheka wakisimulia ni pikipiki ngapi zimesukumwa hadi gereji kwa sababu ya swichi hiyo nyekundu tu, na mwenye pikipiki akalipa.

Injini inahitaji mafuta, hewa, moto wa plagi na mgandamizo. Ukipiga kiki na mguu ukashuka kwa ulaini kana kwamba ndani hamna kitu, achana na habari ya mafuta. Hapo tatizo liko kwenye valvu, ringi au pistoni, na hiyo ni kazi ya gereji.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza

Washa swichi, piga kiki mara saba au nane kama unavyowasha siku zote, kisha fungua plagi mara moja na uitazame kabla haijakauka. Hapa ndipo kazi inapogawanyika mara mbili, na ndiyo maana tunasema ununue spana ya plagi hata kama hununui kifaa kingine chochote.

Plagi ikiwa kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli, mafuta hayafiki kwenye injini. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi: ama moto haupo, ama mafuta ni mengi mno. Ikiwa ina matone yanayojikusanya na hayanuki wala hayakauki haraka, hayo ni maji. Ikiwa imefunikwa na masizi makavu meusi, injini imekuwa ikipata mafuta mengi na hewa kidogo kwa muda mrefu, kwa hiyo fungua chujio la hewa. Kwa barabara zetu za vumbi chujio likikaa miezi bila kusafishwa huziba kama sponji iliyokanyagwa kwenye tope. Weusi wenye utelezi ni oili, na hilo nalo si la mfumo wa mafuta.

Tuanze na plagi iliyolowa. Ikaushe, irudishe kwenye kofia yake, kisha igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, halafu mwenzako apige kiki. Tunasisitiza mbali na tundu kwa sababu tundu hilo linapumua mvuke wa petroli kila pistoni inapopanda, na cheche moja inatosha. Liziba kwa kitambaa kikavu kwanza. Moto mzuri ni wa bluu na unasikika ukipiga. Ukiwa mwekundu, dhaifu, au haupo, shida yako ni umeme: plagi, kofia yake, koili au CDI.

Moto ukiwa mzuri na plagi imelowa, basi injini imelowa mafuta. Funga koki, zima swichi, ondoa choki, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho na upige kiki kama mara kumi bila plagi ili silinda ijikaushe. Rudisha plagi kavu, washa swichi, na ujaribu huku koki ikiwa bado imefungwa. Mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yanatosha kuiwasha. Ikiwaka, fungua koki.

Choki ndiyo chanzo cha kulowa huku mara nyingi. Kazi yake ni kupunguza hewa ili injini ya baridi ipate mchanganyiko wenye mafuta mengi. Asubuhi ya Juni au Julai huko Njombe, Mufindi au Makete hutawasha pikipiki bila choki. Lakini injini hiyohiyo ikiwa ya moto saa saba mchana, choki inaizamisha. Pikipiki nyingi zina kijiti cha choki kwenye kabureta yenyewe, na kikilegea hushuka chenyewe kwa mtikisiko wa barabara. Dereva anazunguka siku nzima choki ikiwa nusu, analalamika kwamba pikipiki inakunywa mafuta, kisha akiizima sokoni haiwaki tena.

Kipimo cha chupa

Sasa plagi kavu. Kuanzia hapa utakuwa unamwaga petroli, kwa hiyo tuzungumze hatari yake kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hutambaa chini na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo hatua kadhaa kutoka ulipo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya kugandisha maji. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya moto kulipuka wakati wakichota petroli iliyomwagika. Miongoni mwao walikuwamo madereva wa bodaboda. Kiasi unachomwaga wewe ni kidogo, lakini mvuke ni uleule. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara, bila kibatari, na usiwashe kiberiti kuchungulia ndani ya tangi. Wala usinyonye mafuta kwa mdomo. Petroli ikiingia kwenye mapafu huyaunguza, na kumtapisha aliyeimeza kunaongeza hatari hiyo. Mpeleke hospitali.

Chukua chupa safi inayoonyesha ndani. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uingize kwenye chupa, kisha fungua koki na utazame kwa dakika moja hadi mbili. (Baadhi ya skuta zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, hizo hazitatoa kitu mpaka injini izunguke.)

Mafuta yasipotoka kabisa, kizuizi kiko juu ya hapo: koki imeziba, chujio lake ndani ya tangi limejaa kutu, au mpira umejikunja chini ya tangi. Kama umeweka chujio dogo la plastiki katikati ya mpira, litoe na upime tena bila hilo. Koki nyingi za mtindo wa Honda CG zina kikombe kidogo chini kinachofunguka kwa spana, na ndani yake kuna wavu. Fungua hicho kabla ya kufikiria kushusha tangi.

Mafuta yakianza kwa nguvu, yakapungua, yakawa matone, kisha yakakoma, usiguse kitu. Fungua mfuniko wa tangi tu. Yakianza kutoka tena, umepata ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni tundu dogo la hewa kwenye mfuniko. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, tangi linayashikilia mafuta, sawa na kopo la maziwa ulilotoboa tundu moja tu. Tundu hilo huziba kwa vumbi, tope na mafuta ya kung'arishia. Pia wapo wanaofunika mfuniko kwa kipande cha nailoni ili mvua isiingie, na nailoni inafanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Dalili yake barabarani ni pikipiki inayozima baada ya kilomita kadhaa, ukikaa kidogo inawaka, inakwenda, inazima tena. Kwa maoni yetu huu ndio ubovu unaowagharimu madereva bure kuliko wote, maana dalili zake zinafanana sana na za kabureta mbovu na dawa yake ni pini na dakika tano.

Mafuta yakitoka vizuri mfululizo, jaza chupa hadi nusu, ifunge na uiache itulie robo saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, ya maji ni gramu 1,000. Kwa hiyo maji hukaa chini, na utauona mpaka wazi kati ya hayo mawili. Chenga za kahawia zilizotulia chini ni kutu ya tangi.

Maji huingia kwa njia nyingi: mashine ya kuoshea iliyoelekezwa kwenye mfuniko, mpira wa mfuniko uliochakaa wakati wa masika, chupa ya maji ya kunywa iliyotumika kubebea petroli kabla haijakauka. Hata tangi linalolala nusu tupu kwenye usiku wa baridi hukusanya matone, kwa sababu unyevu wa hewa iliyomo hugeuka maji kwenye kuta za chuma. Na hapa kuna jambo la kuelewa kuhusu koki. Ikiwa kwenye ON, inachota mafuta kupitia bomba lililosimama juu kidogo ndani ya tangi. Ikiwa kwenye RES, inachota kutoka chini kabisa. Maji na kutu viko chini kabisa. Ndiyo maana pikipiki inaweza kutembea wiki nzima bila shida, na siku ukigeuza RES ukiwa katikati ya msitu inapiga chafya mara mbili na kuzima. Kilichoingia kwenye kabureta ni mchuzi wa chini ya tangi. Dawa ni kumwaga yote kupitia RES hadi yatoke masafi, kisha kumwaga na yaliyo kwenye kabureta.

Chupa haitakuonyesha mafuta ya taa, maana hayo huchanganyika na petroli bila mpaka. Tumia karatasi nyeupe safi: dondosha matone mawili, uyaache yakauke kivulini. Petroli safi hukauka haraka na kuondoka karibu bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la ungo linalokawia. Si kipimo cha maabara, ila pamoja na pikipiki ngumu kuwaka asubuhi na ekzosi inayonuka kama jiko la mchina, kinatosha kukutia shaka. Uchakachuaji wa namna hii ndio ulioifanya EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Ukinunua kituoni na kupewa risiti una pa kuanzia kulalamika. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara hayana risiti, na tunajua vijijini mara nyingi hakuna mengine. Angalau yatazame kwenye mwanga na uyapitishe kwenye kitambaa safi.

Ndani ya kabureta, bila kuifungua

Kama mafuta yanafika safi na kwa wingi mwisho wa mpira, rudisha mpira mahali pake. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka kopo, ilegeze kwa bisibisi ukiwa umefungua koki. Skrubu hii inakuambia mengi kwa sekunde chache, na inashangaza wanaoijua walivyo wachache.

Isipotoa kitu, au ikitoa kidogo na kukoma, mafuta yanazuiwa pale yanapoingilia: sindano inayopandishwa na boya imenasa. Igonge kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi, si kwa nyundo. Mara nyingi sindano inaachia. Ikinasa tena kesho, bakuli lifunguliwe na lisafishwe.

Kinyume chake ni kabureta inayomwaga petroli kupitia mpira wake wa chini hata pikipiki ikiwa imesimama. Hapo sindano haifungi: uchafu umekaa kwenye kiti chake, ncha imelika, au boya limetoboka na kuzama. Boya lililotoboka ukilitikisa sikioni linasikika mafuta ndani. Usiwashe pikipiki inayovuja namna hii, na funga koki kila unapoiegesha, hasa ukiilaza ndani ya nyumba. Petroli inaweza kushuka hadi kwenye oili ya injini. Oili ikiongezeka yenyewe na kunuka petroli, imwage yote kabla ya kuwasha.

Ikiwa skrubu inatoa mafuta mengi na plagi bado ni kavu, kilichobaki ni jeti. Jeti ndogo inalisha injini wakati wa kuwaka na inapounguruma yenyewe bila kupiga resi. Tundu lake ni jembamba kama unywele, ndiyo maana ndiyo inayoziba kwanza. Dalili yake ni pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiiondoa. Jeti kubwa ikiziba, pikipiki inawaka na kutulia vizuri, ila ukivuta mafuta inakabwa.

Hapa kabureta inafunguliwa, na hapa ndipo tunagombana na baadhi ya mafundi wa vijiweni. Jeti ni ya shaba. Ukiisukumia waya wa breki uliochongwa, tundu linapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta na kuchafua plagi hata ubadilishe nini. Loweka jeti kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia upepo wa kompresa. Kama hakuna kompresa, uzi mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa umeme ndio mwisho wa ruhusa. Ukiishika jeti juu ya mwanga uone duara kamili.

Kabla ya kutoa skrubu ya hewa ya pembeni, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi ikae, uandike namba hiyo, na wakati wa kurudisha uifungue mizunguko ileile. Pikipiki nyingi zinaangukia kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Aliyehamisha pikipiki kutoka pwani kuileta kwenye miinuko kama Mbeya, meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, atahitaji kuirekebisha, kwa kuwa hewa huku ni nyepesi na mafuta yaleyale yanakuwa mengi. Ukimaliza, kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, injini inanyonya hewa ya wizi na mchanganyiko unakosa mafuta ingawa kabureta ni safi.

Pikipiki iliyolala

Kundi la mwisho ni pikipiki iliyokaa miezi bila kuwashwa: ya shirika lililomaliza mradi, ya mwanafunzi aliyekwenda chuo, ya mzee aliyelazwa. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka, na hizo ndizo zinazowasha injini ya baridi. Kinachobaki huwa kizito, hubadilika harufu na kuacha utomvu wa kahawia ndani ya jeti. Usipige kiki mia. Mwaga tangi na bakuli la kabureta, weka mafuta mapya, safisha jeti ndogo, kisha ujaribu. Na kama unajua pikipiki itakaa zaidi ya mwezi, funga koki injini ikiwa inaunguruma na uiache hadi izime yenyewe, ili kabureta ilale tupu. Kisha jaza tangi hadi juu ili kuta zake zisipate nafasi ya kutoa matone na kutu.